Mahakama za shirikisho Marekani: kanuni ni za taifa, au kila mahakama na zake?

#1 Kipanga Mweusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Niko Marekani mwaka wa tisa huu. Mwajiri wangu wa zamani, mwenye ghala, alinidhulumu malipo ya saa za ziada kwa karibu miaka miwili. Nimempeleka mahakama ya shirikisho chini ya ile sheria yao ya ujira ya 1938. Wakili sina. Wote niliowapigia simu waliniambia kiasi ninachodai hakiwalipi. Ada ya kufungua kesi ni dola 405, nikaomba kusamehewa kwa sababu ya kipato, nikasamehewa. Basi mdai ni mimi, wakili ni mimi.

Nilijiandaa lakini. Miezi miwili kila nikitoka zamu ya usiku nilikuwa nasoma Kanuni za Shirikisho za Mwenendo wa Mashauri ya Madai, za kwanza hadi za mwisho. Jina lenyewe linasema za Shirikisho. Nikajua nimemaliza.

Mdaiwa akaleta ombi la kutaka jaji atoe hukumu kwa karatasi tu, bila kusikiliza mashahidi. Natafuta humo nina siku ngapi za kujibu, sioni. Rafiki yangu aliyewahi kuwa na kesi kwenye mahakama nyingine ya shirikisho, jimbo hilihili, akaniambia siku 30. Nikajibu siku ya 26, nikalala usingizi mnono.

Wiki iliyofuata naletewa karatasi: mawakili wa mdaiwa wanaomba jibu langu liondolewe kwenye jalada. Eti kwa mahakama hii ni siku 21. Eti sikuambatanisha orodha ya mambo ninayoyabishia, yenye namba. Na chini kabisa wanasema nimezidisha kurasa kwa mujibu wa amri ya kudumu ya jaji mwenyewe.

Sasa niulize. Nchi moja, serikali moja, kanuni za shirikisho. Hizi nyingine zimetoka wapi?

#2 Ngoja Nione

Nimeweka kambi. Waje wanasheria.

#3 Mchokozi wa Tandale

Miezi miwili unasoma halafu unakosa kwa siku tano. Pole mkuu, ila nimecheka.

#4 Chuma cha Reli

Mleta uzi, Marekani kila jimbo ni kama nchi. Majimbo 50, mahakama za shirikisho 50, na kila moja inafuata utaratibu wa jimbo ilipo. Rafiki yako alikuwa jimbo lingine, hakukwambia ukweli.

#5 Mama Shani

Chuma, kwa heshima, hapo umekosea mara tatu kwa pumzi moja.

Mahakama za wilaya za shirikisho ni 94. Majimbo madogo yana moja, ila California, Texas na New York yana nne nne. Wilaya ya Wyoming inavuka hata mipaka ya jimbo lake, imebeba na vipande vya Yellowstone vilivyo Montana na Idaho. Kwa hiyo mtu na rafiki yake wanaweza kuwa jimbo moja, mahakama mbili tofauti, na kila moja ina kitabu chake. Pili, hazifuati utaratibu wa jimbo. Na tatu, amesema wazi kwamba rafiki yake alikuwa jimbo hilohilo. Soma uzi kabla ya kujibu.

Mimi nimefanya kazi ofisi ya mawakili New York miaka 14, kazi yangu ni makaratasi na tarehe. Kipanga, usitaje uko wapi, ila nikupe mfano wa Ohio. Kule kuna mbili. Ya Kaskazini, Cleveland na jirani zake, ombi la namna yako linajibiwa ndani ya siku 30. Ya Kusini, ambako kuna Columbus na Cincinnati, ni siku 21. Jimbo moja, barabara kuu moja, saa mbili za gari.

#6 Mchokozi wa Tandale

Kwa hiyo kuna kanuni za kisasa na kanuni za kienyeji, kama kuku. Na ya kienyeji ndiyo ngumu kutafuna.

#7 Kisiwa Kimoja

😂😂 Mchokozi atatuua.

#8 Mzee wa Masjala

Salaam. Alichosema Chuma si uongo wote, amechelewa miaka tu. Chini ya sheria ya 1872 mahakama za shirikisho katika kesi za madai ya kawaida zilitakiwa zifuate utaratibu wa mahakama za jimbo zilimokaa, kadiri inavyowezekana. Wakili akitoka New York kwenda Georgia anakuta taratibu nyingine kabisa ndani ya mahakama ya serikali ileile ya Washington. Kesi za usawa, zile za kumwomba jaji atoe amri badala ya fidia ya fedha, zilikuwa na kanuni zake za taifa, lakini hizo za kawaida ilikuwa vurugu.

1934 Bunge lao likaipa Mahakama ya Juu mamlaka ya kutunga kanuni za mwenendo za nchi nzima, kwa sharti kwamba zisipunguze, zisiongeze wala kubadili haki ya msingi ya mtu. Mkuu wa kitivo cha sheria Yale, Charles Clark, akawa mwandishi wa kamati. Zikaanza kutumika tarehe 16 Septemba 1938, mwaka uleule wa sheria ya ujira anayodaia Kipanga. Sifa yake kubwa ilikuwa hiyo: utaratibu mmoja toka Maine hadi California.

Lakini ndani ya nyumba hiyo nzuri wakaacha dirisha, Kanuni ya 83. Kila mahakama ya wilaya, kwa kura ya majaji walio wengi, inaweza kujitungia kanuni zake mradi zisipingane na zile za taifa. Mlango umefungwa kwa komeo, majimbo yameingia kwa dirishani.

Nilisomea shahada ya pili huko miaka ya tisini. Kipindi hicho bado watu walikuwa wanazungumzia hesabu iliyofanywa na timu ya Boston College mwishoni mwa miaka ya themanini. Walikuta kanuni za mahakama za wilaya zinakaribia 5,000. Hapo hujahesabu amri za kudumu za jaji mmoja mmoja.

#9 Kipanga Mweusi

5,000?? Na mimi nilisoma zinazoishia namba 87.

#10 Chuma cha Reli

Sawa Mama Shani nimekubali ya 94. Lakini nina nadharia na sitaiacha: hii ni biashara ya mawakili. Kanuni zikiwa moja, wakili wa Chicago anafanya kesi Alabama bila kumlipa mtu. Zikiwa tofauti, lazima amtafute mwenyeji wa kumwonyesha njia, na mwenyeji halali njaa. Ni kama bandarini, bila wakala mizigo haitoki.

#11 Mama Shani

Hiyo ipo, sikatai. Hata kuandikishwa uwakili ni mahakama kwa mahakama. Ukiwa wakili wa New York haina maana unaruhusiwa kila mahakama ya shirikisho. Louisiana Mashariki waliwahi kuwa na kanuni kwamba ili uandikishwe kwao uwe unaishi au una ofisi Louisiana. Kuna wakili alikuwa anaishi Mississippi, akaipinga hadi Mahakama ya Juu, na 1987 ikatupwa. Frazier dhidi ya Heebe.

Ila haielezi siku 21 na siku 30, Chuma. Tofauti hiyo haimpi mtu ulaji.

#12 Chuma cha Reli

Inampa ulaji anayezijua. Muulize Kipanga.

#13 Dada wa Philly

Mimi naona ni wingi wa kazi tu. Mahakama ya mpakani Texas imejaa kesi za jinai za kuvuka mpaka. Delaware imejaa ugomvi wa hataza kati ya makampuni. Virginia Mashariki wanajisifia mwendo, kesi huko zinakimbizwa hadi wakili anakosa pumzi. Huwezi kuwavalisha wote shati la saizi moja.

Halafu msidhani ni ngazi ya wilaya tu. Kanuni ya taifa inasema ukiwasilisha kwa mtandao siku yako inaisha saa sita usiku kwa saa za mahakama. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tatu (mzunguko ni kanda ya rufaa yenye wilaya kadhaa), hapa kwetu Philadelphia, kuanzia Julai 2023 ikasema kwao ni saa kumi na moja jioni. Mawakili walipiga kelele, haikusaidia. Ofisini nilipo tumebandika saa kubwa ukutani kwa ajili hiyo.

#14 Jirani wa Mombasa

Nyie mnazunguka mbuyu. Sababu ni ubwana. Jaji wa shirikisho ameteuliwa kwa maisha yake, mshahara haupunguzwi, hafukuziki ila Bunge limshtaki. Mtu wa namna hiyo utamwambia atumie kurasa ngapi?

Mfano Montana. Chini ya kanuni za taifa na Katiba yao watu walizoea juri la watu 12. Majaji wa Montana wakajitungia kanuni yao ya wilaya: kesi za madai, watu sita wanatosha. Upande mmoja ukakimbilia Mahakama ya Juu. 1973, Colgrove dhidi ya Battin, kura tano kwa nne: ruksa. Watu sita! Kama timu ya mpira wa wavu.

#15 Mzee wa Masjala

Jirani, kesi ni hiyohiyo lakini umeacha mwisho wake, na mwisho wake unaiua nadharia yako. 1991 Kanuni ya 48 ya taifa ikarekebishwa, juri la madai lisiwe chini ya sita wala zaidi ya 12. Kilichoanzia kwa mahakama chache kikawa cha nchi nzima. Wapo wanaosema hiyo ndiyo faida ya dirisha: wilaya inajaribu, ikifaa taifa linachukua.

#16 Jirani wa Mombasa

Na isipofaa? Anayelipia jaribio ni nani? Si Kipanga huyu?

#17 Bukavu Moja

Bandugu, jambo. Mimi kesi yangu ya hifadhi ya ukimbizi ilikuwa na mambo kama hayo. Jaji wa kwanza alitaka makaratasi siku 15 kabla, nikahamia mji mwingine, jaji wa pili akataka 30. Kumbe ni hii Kanuni ya 83!

#18 Mama Shani

Hapana kaka, hiyo ni nyumba nyingine kabisa. Mahakama za uhamiaji ziko chini ya Wizara ya Sheria, majaji wake ni watumishi wa serikali, na wana mwongozo wao wa mwenendo. Kanuni hizi tunazozizungumza haziwahusu. Ukishindwa kule, ukapita bodi ya rufaa za uhamiaji, ukashindwa tena, ndipo unaingia mahakama ya rufaa ya shirikisho, na hapo una siku 30. Hizo 30 zimo kwenye sheria ya Bunge, si kanuni ya mtu, hazina msamaha wa kirahisi.

#19 Bukavu Moja

Aksanti mama. Mie nilishinda kule chini, Mungu mkubwa. Lakini kuna swali moja. Mkalimani wa Kiswahili kule walinipa bure. Kipanga naye atapewa?

#20 Dada wa Philly

Swali zuri, watu wengi linawaumiza. Sheria ya wakalimani ya 1978 inawapa mkalimani wa bure kwenye kesi zilizoanzishwa na serikali ya Marekani, yaani jinai na zile za madai ambazo serikali ndiye mdai. Kesi ya mtu na mwajiri wake, mkalimani ni juu yako. Na usitafute "mkalimani wa Kiswahili mwenye cheti cha mahakama za shirikisho", hayupo. Kwa sasa mtihani wao wa cheti ni wa Kihispania peke yake. Zamani walikuwapo pia Kikrioli cha Haiti na Kinavajo. Kiswahili jaji anaridhika tu kwamba unakiweza. Nimeshawahi kuitwa mara mbili, na mara zote kazi ngumu ilikuwa kumwelewa shahidi wa Lubumbashi, mimi mtoto wa Tanga.

#21 Kisiwa Kimoja

Kesi ya mabomu ya ubalozi ya 1998 si ilisikilizwa New York? Yule kijana wa Zanzibar alihukumiwa maisha 2001.

#22 Mzee wa Masjala

Ndiyo, Khalfan Khamis Mohamed. Lakini ile ni jinai, wana kanuni zao tangu 1946. Upande wa madai, wahanga wa Nairobi na Dar waliishitaki Sudan kule Washington, na kesi ya Opati ilifika Mahakama ya Juu ikaamuliwa Mei 2020, kuhusu fidia ya adhabu. Wengi waliodai walikuwa Wakenya na Watanzania waliofanya kazi ubalozini, na familia zao.

Tusitoke nje ya uzi lakini.

#23 Mchokozi wa Tandale

Uzi umeshatoka nje tangu kuku.

#24 Mwanafunzi Mlimani

Wakubwa shikamooni. Nimesoma mada hii kidogo kwa ajili ya tasnifu. Naona hamjaligusa Bunge lao, nalo ndilo mchawi mkubwa. 1990 lilipitisha sheria ya kupunguza gharama na ucheleweshaji wa kesi za madai, ikaamuru kila wilaya kuunda mpango wake. Yaani wilaya 94, mipango 94, kwa amri ya Bunge lenyewe. Halafu 1993 kanuni za taifa zikaanzisha utaratibu kwamba kila upande ukabidhi taarifa za msingi mwanzoni bila kuombwa, ila wilaya isiyotaka ijitoe. Nyingi zikajitoa, nyingine nusu nusu. Ilibidi kusubiri hadi 2000 ruhusa hiyo ya kujitoa ifutwe. Miaka saba kanuni ya taifa ilikuwa ya taifa kwa jina.

Kwa hiyo si mawakili wala si ubwana. Ni siasa.

#25 Jirani wa Mombasa

Marahaba. Bunge lilifungua, majaji wakapita wakicheka. Ubwana umebaki palepale.

#26 Mzee wa Masjala

Marahaba kijana, umesoma. Nyongeza: kamba nayo ilikazwa upande wa pili. Kuanzia 1985 wilaya haiwezi kutunga kanuni bila kutangaza na kupokea maoni ya umma. Na 1995 wakaamriwa namba za kanuni zao zifuate namba za kanuni za taifa. Ndiyo maana Kipanga ukitafuta utakuta inaitwa 56.1: ni nyongeza ya wilaya juu ya Kanuni ya 56, inayohusu ombi la hukumu kwa karatasi. Kabla ya hapo kila mmoja alihesabu anavyojua.

Na kamba hiyo inang'ata kweli. Januari 2010, San Francisco, kesi ya ndoa za jinsia moja. Jaji Vaughn Walker alitaka kesi ionyeshwe kwa video nje ya ukumbi, wilaya ikabadilisha kanuni yake haraka haraka kwa notisi ya siku chache. Mahakama ya Juu ikasimamisha, tano kwa nne, kwa hoja kwamba mahakama haikufuata utaratibu wa kubadilisha kanuni zake yenyewe.

#27 Mchokozi wa Tandale

Mahakama imepigwa na pingamizi la awali. Nimefurahi hadi basi.

#28 Chuma cha Reli

Huku kwetu angalau kitabu ni kimoja. Na Katiba ibara ya 107A imesema wazi mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. 2018 wakaongeza na ile "oksijeni", yaani haki kwanza ufundi baadaye, kwenye Sheria ya Mwenendo wa Madai. Kenya nao wana ibara ya 159. Kipanga angekuwa Kisutu angepumua.

#29 Kisiwa Kimoja

Kitabu kimoja wapi? Zanzibar tuna Mahakama Kuu yetu na sheria yetu ya mwenendo wa madai. Tunakutana nanyi Mahakama ya Rufani tu. Msitusahau kila mkihesabu.

#30 Mwanafunzi Mlimani

Na hata bara, Divisheni ya Biashara ina kanuni zake za 2012. Na hiyo oksijeni, Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi si kichaka cha kujificha ukivunja masharti ya lazima. Chuma, kwa Kisutu usimdanganye mwenzio.

#31 Chuma cha Reli

Leo napigwa pande zote. Haya.

#32 Kipanga Mweusi

Wakuu nawasoma wote, ahsanteni. Lakini historia haitanirudishia siku tano. Nifanye nini? Kuna jamaa kazini ananiambia niipe akili mnemba iniandikie jibu jipya lote.

#33 Mama Shani

USITHUBUTU kuwasilisha kitu ambacho hujakihakiki mstari kwa mstari. 2023 hapa New York mawakili walipeleka kesi zilizobuniwa na mashine, jaji akawatoza dola 5,000. Ile kesi ya shirika la ndege la Avianca. Tangu hapo majaji kadhaa wakatoa amri zao binafsi kuhusu jambo hilo: mmoja anataka uape kwamba umehakiki, mwingine anataka useme umetumia, mwingine kanyamaza. Mzunguko wa Tano walipendekeza kanuni ya mzunguko mzima wakaiacha 2024. Kwa hiyo hata hapo kwanza uangalie jaji wako ni wa aina gani.

Sasa sikiliza.

Kanuni ya 6(b) ya taifa. Muda ukishapita unaweza kuomba uongezewe ukionyesha uzembe unaosameheka. Mahakama ya Juu 1993, kesi ya Pioneer, iliweka mambo ya kuangalia: upande wa pili umeumia kiasi gani, umechelewa kiasi gani, sababu ni nini, na una nia njema. Siku tano, mtu asiye na wakili, hakuna tarehe ya kusikilizwa iliyovurugika. Omba leo. Usingoje jaji aamue lile la kuondoa jibu lako.

Na ile orodha yenye namba na wingi wa kurasa: soma Kanuni ya 83(a)(2). Kanuni ya wilaya inayohusu umbo la karatasi haiwezi kukunyang'anya haki kwa kosa lisilo la makusudi. Hilo dirisha lina pazia lake.

#34 Mzee wa Masjala

Mama Shani, hapo kwenye orodha yenye namba siko nawe. Fonti, nafasi za mistari, kurasa, hayo ni umbo. Lakini orodha ya mambo yanayobishaniwa wengi hawaihesabu kuwa umbo tu. Illinois Kaskazini, kwa mfano, jambo la mdaiwa usilolijibu kwa namba linahesabiwa umelikubali, na mzunguko wa juu yao umeshasema mara kwa mara kwamba jaji ana haki ya kulisimamia hilo bila huruma. Akitegemea pazia atapigwa na jua.

#35 Mama Shani

Maneno "sharti la umbo" yapo kwenye kanuni. Orodha ni namna ya kupanga hoja, si hoja.

#36 Mzee wa Masjala

Orodha ndiyo inayomwambia jaji kama kuna cha kusikiliza. Ukiiondoa hukubakiza hoja, umebakiza barua.

#37 Ngoja Nione

Wazee wameshikana. Naongeza karanga.

#38 Dada wa Philly

Kipanga, wakati wao wanabishana wewe andika orodha. Chukua namba za mdaiwa moja moja, chini ya kila namba andika "nakubali" au "nabisha", na ukibisha taja ushahidi: ukurasa gani, hati ya malipo gani, kiapo gani. Uambatanishe na ombi lako la 6(b). Wakibishana hadi mwaka kesho wewe umeshamaliza.

Kanuni za wilaya ziko bure kwenye tovuti ya mahakama, usimlipe mtu. Na ukurasa wa jaji wako uufungue, huko ndiko amri za kudumu zinakokaa. Nyaraka za kesi nyingine kwenye PACER, mtandao wa majalada ya mahakama za shirikisho, ni senti 10 kwa ukurasa, haizidi dola 3 kwa hati moja, na usipozidisha dola 30 ndani ya miezi mitatu hawakudai. Tafuta mtu aliyeshinda 6(b) mbele ya jaji huyohuyo, uone alivyoandika.

#39 Jirani wa Mombasa

Hilo la mwisho ndilo ushahidi wangu. Hasomi sheria, anamsoma jaji.

#40 Mwanafunzi Mlimani

Nimepekua, na hili mkuu wa uzi litakuuma. 2009 Kanuni ya 56 iliwekewa siku za kujibu ombi kama lako: siku 21, nchi nzima, labda wilaya au jaji apange vingine. Mwaka mmoja tu baadaye, 2010, wakaitoa, wakaziachia wilaya na majaji wapange. Ungesoma toleo la 2009 usingekosea.

#41 Kipanga Mweusi

Dah.

#42 Mchokozi wa Tandale

Siku 21 ilikuwa ya kisasa ikageuka ya kienyeji. Mwaka mmoja.

#43 Kipanga Mweusi

MREJESHO, wiki tano baadaye.

Niliomba 6(b) usiku uleule. Sababu niliandika ukweli: nilisoma kanuni za taifa nikadhani ndizo zote, nikaulizia kwa mtu wa wilaya jirani. Orodha niliitengeneza kama alivyosema Dada wa Philly, namba 43, usiku nne. Amri imetoka juzi, kurasa mbili. Kuchelewa kumesamehewa. Kuhusu orodha, jaji kaandika kwamba kwa kuwa sasa ameshaiona hana haja ya kuamua kama kukosekana kwake mwanzo kulikuwa kosa la umbo au la. Kurasa zilizozidi hatazisoma, nimepewa siku 14 nipunguze.

Ombi lenyewe la mdaiwa bado halijaamuliwa.

#44 Mama Shani

Hongera baba! Mzee wa Masjala, jaji katukwepa wote wawili.

#45 Mzee wa Masjala

Katukwepa kwa ustadi. Hongera Kipanga. Bado nasema si umbo.

#46 Kipanga Mweusi

Swali dogo. Nikipunguza herufi zikawa ndogo, si kurasa zitapungua?

#47 Dada wa Philly

WEWE. Soma amri ya jaji kuhusu saizi na fonti kwanza. Mahakama ya Rufaa ya Washington 2021 ilitoa tangazo zima kuwasihi mawakili waache Garamond, watumie Century au Times New Roman, maana Garamond inaonekana ndogo. Majaji wanaliona hilo kabla hawajasoma jina lako.

#48 Kipanga Mweusi

Nimeelewa. Napunguza maneno.

#49 Tikiti Maji

Wakuu nimechelewa kuingia, uzi mrefu. Mwenye muhtasari tafadhali?

#50 Mchokozi wa Tandale

Umechelewa siku ngapi? Uzi huu ni 21. Nenda ule wa jirani, wao wanapokea hadi 30.

#51 Tikiti Maji

Basi naomba 6(b), nilikuwa zamu.